Ute wa Yai na Majani ya Ukutani

Katika mtaa ule, watu wengi hawakuhitaji saa ya kuwaamsha. Waliamshwa na harufu ya mkate. Ilitoka kwenye nyumba yenye mlango wa kijani, ikapenya madirishani, na mtu akajikuta ameshakaa kitandani anatafuta viatu.

Aliyeoka mkate huo alikuwa mama mmoja mcheshi. Watu walimwita Mwokaji. Alikanda unga kwa mikono yake mwenyewe kwenye meza ndefu ya mbao. Mashine ya kukandia hakuwa nayo, na alisema hata angepewa asingeitaka.

"Mashine haiwezi kujua kama unga umelainika," alisema. "Mkono unajua."

Mume wake alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa ua wa nyuma. Huko alipigilia misumari, alishona vitambaa, na alipaka miguu ya viti vanishi hadi iwake. Watu walimwita Fundi tu.

Nyumbani kwao aliishi pia dada mkubwa wa Fundi. Mwokaji alimwita wifi, lakini mtaa ulimwita Redio. Habari ikimfikia asubuhi, mchana ilikuwa imeshafika sokoni. Hakuwa na nia mbaya. Habari ilimuwasha mdomoni, basi, akawa hana budi kuitoa. Redio ndiye aliyeuza mikate dirishani, na wateja wengi walikuja kwa mkate na kwa habari pia.

Maisha yalikwenda vizuri. Kisha mikono ya Mwokaji ikaanza kuvimba.

Ilianza kidogokidogo. Asubuhi vidole vilikuwa vigumu, havitaki kukunjika. Viungo vya vidole vilikuwa vyekundu na vya moto. Mwokaji alivichovya kwenye maji ya uvuguvugu, akasubiri, akaendelea na kazi. Hakumwambia mtu. Kufungua kopo la hamira kukawa shida. Alilibana kwapani, akasokota kwa mkono mmoja, akajifanya anatania.

Siku moja alitoa trei ya mikate kwenye tanuri. Maumivu yakampiga kwenye vifundo vya mikono. Trei ikamponyoka, na mikate ikatawanyika sakafuni mbele ya wateja waliopanga foleni.

Mwokaji aliitazama mikate, kisha akaitazama mikono yake. Hapo siri ikaisha.

Fundi alitoka mbio ua wa nyuma. Alipoona vidole vya mkewe, alikasirika kwa sababu ya hofu.

"Tangu lini?" aliuliza. "Na mimi nalala nawe chumba kimoja sijui lolote?"

Jioni hiyo alikwenda duka la dawa. Hakwenda hospitali, na hakuwa na cheti cha daktari. Alinunua vidonge vya maumivu, vile vikali, akamletea mkewe.

"Meza hivi asubuhi na jioni," alisema. "Hii ni dawa ya kisasa. Haina maneno."

Redio naye hakukaa kimya. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mmea unaotambaa ukutani. Ulikuwa na majani mazito yenye vinyweleo. Nyumbani kwao waliyaita majani ya ukutani tu. Alichuma majani mengi, akayachemsha hadi maji yakawa meusi.

"Wifi, kunywa hii," alisema. "Marehemu mama alimtibu baba goti kwa majani haya. Mdogo wangu anakuletea vidonge vya dukani, wakati dawa iko nyuma ya nyumba."

"Dada, hayo ni majani ya kulisha mbuzi," alisema Fundi.

"Wewe ulikuwa unalia unataka maziwa wakati baba anaponywa. Utajua nini?"

Mwokaji alikuwa katikati. Akimsikiliza mume, wifi ananuna. Akimsikiliza wifi, mume ananuna. Basi akawaridhisha wote wawili. Asubuhi alimeza kidonge, mchana akanywa kikombe cha maji meusi, jioni akameza kidonge tena. Uvimbe ulipungua kidogo, ukarudi. Halafu tumbo likaanza kuwaka moto. Akala kidogo, akakonda, lakini akaendelea kukanda.

Jirani yao alikuwa mwanamke kijana aliyefanya kazi katika maabara. Mtaa ulimwita Bi Maabara. Kazi yake ilikuwa kupima mimea, kujua kama ina dawa ndani yake. Kila asubuhi alinunua mkate kabla ya kwenda kazini.

Asubuhi moja alimkuta Mwokaji ameinama juu ya meza, ameshika tumbo. Upande mmoja alisimama Fundi na kidonge. Upande wa pili alisimama Redio na kikombe.

"Shikamoo mama," Bi Maabara alimwambia Redio. "Kuna nini leo?"

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Wewe ni mtu wa dawa. Mwambie huyu mdogo wangu majani yanatibu."

"Mwambie dada yangu majani hayatibu," alisema Fundi.

Bi Maabara aliweka mkoba wake chini. Aliishika mikono ya Mwokaji taratibu, akaigeuza.

"Dada, unakunywa vyote viwili?"

"Ninakunywa amani ya nyumba," alisema Mwokaji. "Tumbo ndilo linalolipa."

Bi Maabara hakucheka sana. "Vidonge hivi ni vizuri mtu akipewa na daktari," alisema. "Daktari huangalia tumbo, figo na mambo mengine. Ukivimeza tu kwa kukisia, vinaweza kulichubua tumbo hadi litoe damu. Na ukichanganya na majani, hakuna anayejua vinafanya nini pamoja. Acha vyote kwanza. Nenda hospitali."

"Na majani?" aliuliza Redio. "Hayatibu?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Wewe?"

"Mimi sijui, na Fundi hajui, na wewe pia hujui. Baba aliponywa na majani, au goti lilipumzika likapona lenyewe? Hatuwezi kusema. Lakini tunaweza kupima."

Redio alinyanyua kidevu. "Yapimwe," alisema. "Siogopi."

"Na mimi siogopi," alisema Fundi.

Mwokaji alisema atakwenda hospitali wiki inayofuata, akimaliza oda ya mikate. Aliacha vidonge na maji meusi. Tumbo likatulia kidogo, lakini mikono ikazidi kuuma.

Kazi ya kupima haikuanza siku ileile. Redio alidhani jirani angebeba majani mfukoni na kurudi na jibu. Bi Maabara alimwambia achume tawi zima, lenye majani na maua.

"Kwa nini maua? Dawa iko kwenye jani."

"Ili mtaalamu wa mimea aujue mmea wenyewe. Kuna mimea inayofanana kama mapacha. Mmoja una dawa, mwingine una sumu. Jina la nyumbani halitoshi."

Mtaalamu aliuchunguza mmea, akautaja kwa jina lake la kisayansi. Lilikuwa na maneno mawili marefu. Redio alijifunza kulitamka siku nzima huku akifua nguo. Lilimtoka vibaya kila mara, lakini alilitamka kwa heshima, kama anayemtaja mkwe.

Kisha majani yakaoshwa, yakakaushwa kivulini, yakasagwa kuwa unga. Sehemu moja ilichemshwa kwa maji, kama Redio alivyofanya siku zote. Sehemu nyingine ililowekwa kwenye spiriti maalumu ya maabara, ikachujwa kwa karatasi, kisha spiriti yote ikaondolewa kwa mashine. Kilichobaki kilikuwa kitu kizito cha kijani, kinachonata kama gundi.

"Kuna vitu ndani ya jani vinavyotoka kwenye maji," Bi Maabara alieleza. "Kuna vingine havitoki kwenye maji hata uchemshe mwaka mzima. Hivyo vinataka spiriti."

Siku ya kupima, wote watatu walikwenda maabara. Mwokaji alifunga dirisha la mikate mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipofiwa na mama yake.

Chumba kilikuwa cheupe, na kulikuwa na harufu kali ya usafi. Mashine zilinguruma pole pole. Walipewa makoti meupe. Koti la Redio lilimfika kwenye vifundo vya miguu, akatembea amelishika kwa mbele kama bibi harusi. Fundi alipitisha kidole kwenye kiti, akaona kilivyoshonwa ovyo, akatikisa kichwa.

Mezani kulikuwa na mayai.

"Tumekuja kupika?" aliuliza Mwokaji.

"Karibu na hapo," alisema Bi Maabara. Alipasua yai moja, akatenga ute na kiini. "Dada, wewe ni mtu wa jikoni. Ute wa yai ukipata moto unafanyaje?"

"Unakuwa mweupe. Unaganda."

"Haya. Ute ni protini. Moto unaiharibu protini, inapoteza umbo lake. Katika mwili pia, protini zikiharibika zinaweza kuamsha uvimbe. Mwili unaona kitu kigeni, unatuma walinzi wake. Mahali panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba, panauma. Kama mikono yako. Sasa, dawa nyingi za uvimbe zina tabia moja. Ukiziweka kwenye ute, ute unavumilia moto. Hauharibiki upesi. Kwa hiyo tunaanza na yai. Ni kipimo cha kwanza tu. Ni mlango, si nyumba."

Alionyesha mirija mitano midogo ya kioo, imesimama kwenye kibao. Kila mmoja ulikuwa na ute uliochanganywa na maji, na kitu kingine kidogo. Mirija ilikuwa na herufi tu.

"Ipi ni yangu?" aliuliza Redio.

"Sijui. Mwenzangu wa chumba cha pili ndiye aliyeweka herufi. Ametuficha kwa makusudi. Ningejua ipi ni yako, na wewe umenishikia mkate mzuri kila asubuhi, macho yangu yangekupendelea."

Fundi alicheka. Alianza kumkubali huyu jirani.

"Ninachojua ni hiki," aliendelea Bi Maabara. "Mmoja una maji matupu. Mmoja una dawa ya hospitali tunayoijua. Mmoja una majani yaliyochemshwa. Mmoja una majani yaliyolowekwa. Na mmoja una kitu nitakachowaambia baadaye."

Aliitia mirija kwenye beseni la maji lenye kipimajoto. Joto likapanda polepole. Watu wanne wakainama juu ya beseni, vichwa vikagusana.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Kisha mrija wa kwanza ukaanza kuwa na ukungu. Ukungu ukawa maziwa. Ukafuata mwingine.

"Huo ni mweupe," alinong'ona Mwokaji. "Na huo."

Mrija wa tatu nao ukaganda. Redio alishika mkono wa wifi yake, akakumbuka unauma, akauachia, akashika koti.

Mirija miwili ilibaki. Mmoja ulikuwa safi kama maji ya mtungi. Wa pili ulikuwa na rangi ya kijani, lakini mwanga ulipita. Joto lilizidi kupanda. Mirija ile miwili ilikataa kuganda.

"Muda umetosha," alisema Bi Maabara. Aliitoa mirija, akamwita mwenzake aje na majibu ya herufi.

Mwenzake alisoma. Mrija wa kwanza kuganda ulikuwa wa maji matupu. Mrija safi ulikuwa wa dawa ya hospitali. Fundi alikunja mikono kifuani, amefurahi.

"Na huu mweupe?" aliuliza Redio.

"Majani yaliyochemshwa."

Redio alikaa kwenye kiti kibaya. Alikuwa amechemsha majani hayo kila siku, kwa upendo, na ute ulikuwa umeganda kama vile hakuweka kitu. Mwokaji hakuwahi kumwona wifi yake akikosa neno, na moyo ulimuuma.

"Usikae bado, mama," alisema Bi Maabara. "Simama uone. Huu wa kijani, unaopitisha mwanga, ndio majani yako yaliyolowekwa."

Redio alisimama polepole. Aliutazama mrija, akamtazama Bi Maabara, akautazama tena.

"Yangu?"

"Yako. Ya ukutani."

"Ngoja," alisema Fundi. "Labda ni spiriti. Labda spiriti ndiyo iliyozuia, si majani."

Redio alimtupia jicho. Lakini Bi Maabara aligeuka, uso wake unang'aa.

"Fundi, umeuliza swali la mtafiti. Ndiyo maana kuna mrija wa tano. Ule una spiriti tupu. Tuliiweka bila jani lolote, tukaichuja na kuiondoa vilevile. Umeganda. Kwa hiyo si spiriti."

"Na hiyo rangi ya kijani haitudanganyi macho?" Fundi alikuwa ameshanogewa.

"Macho hudanganyika. Twende kwenye mashine."

Mashine ilipitisha mwanga katika kila mrija na kupima kiasi kilichotoka upande wa pili. Rangi ya majani yenyewe ilipimwa peke yake ikaondolewa kwenye hesabu. Jibu lilikuja. Majani ya ukutani yalikuwa yameukinga ute kwa zaidi ya nusu ya uwezo wa dawa ya hospitali. Walirudia kipimo chote kwa ute mpya. Jibu likawa karibu lilelile. Wakarudia tena.

Fundi alimtazama dada yake. "Basi mama alikuwa na kitu," alisema.

Redio alifuta macho kwa mkono wa koti.

"Sasa nisikilizeni wote," alisema Bi Maabara. "Nimefurahi kuliko mnavyodhani. Mimea mingi tunayoipima haifiki hapa. Lakini hiki ni kioo na ute wa yai. Si mtu. Hatujui kama inachubua tumbo. Hatujui kama inaharibu ini. Hatujui kipimo chake. Tutapima kwenye chembe hai, halafu hatua nyingine nyingi. Itachukua miaka. Kwa sasa hakuna mtu wa kuinywa."

Mwokaji alisikia. Fundi alisikia. Redio alikuwa amesikia hadi pale pa "nimefurahi." Mengine yalimpitia juu, kwa maana alishakuwa mlangoni anavua koti.

Kabla ya jua kuzama, mtaa mzima ulijua. Watu wenye magoti, wenye migongo, wenye vifundo vilivyovimba, wote walisikia kwamba dawa imepatikana ukutani kwa Mwokaji. Wengine walileta chupa tupu. Redio aliwaahidi wote.

Asubuhi yake alikwenda ua wa nyuma wakati Fundi ametoka kununua misumari. Kwenye rafu kulikuwa na dumu la spiriti. Ni ile ambayo Fundi aliitumia kuyeyushia vanishi. Redio alimimina nusu yake kwenye sufuria, akatia majani yaliyosagwa, akakoroga. Kufikia siku iliyofuata, maji yalikuwa ya kijani safi, sawasawa na yale ya maabara. Alijaza chupa moja, akampa fundi viatu wa kona ya mtaa, ambaye goti lake lilimsumbua miaka mingi. Kisha akamimina kikombe, akampelekea wifi yake.

Mwokaji alikuwa na siku mbaya. Vidole vilivimba kama mikate iliyozidi hamira. Alikuwa amekanda nusu ya unga kwa viwiko.

"Wifi yangu, taabu imekwisha," alisema Redio. "Hii ndiyo yenyewe. Iliyolowekwa. Uliiona kwa macho yako."

Mwokaji alichukua kikombe kwa viganja viwili. Alitaka kukinywa. Alitaka sana. Aliona meza yake, unga wake, dirisha lake, na alijua kwamba siku si nyingi ataifunga kazi hii. Alikiinua kikombe hadi mdomoni.

Halafu akasita.

"Wifi," alisema, "hii inanuka viti."

"Inanuka dawa."

"Inanuka viti. Naijua harufu hii. Ndiyo inayotoka ua wa nyuma mume wangu akipaka vanishi." Alishusha kikombe. "Na yule dada alisema hakuna wa kuinywa. Wewe ulikuwa unavua koti. Mimi nilisikia."

"Unaniamini mimi au unamwamini yeye?"

"Nakupenda wewe," alisema Mwokaji. "Ndiyo maana nataka tumuulize."

Alitoka na kikombe mkononi, hatua chache tu hadi mlango wa jirani. Bi Maabara alikuwa anafunga mkoba. Alinusa kikombe mara moja, na rangi ya uso wake ikabadilika.

"Umekunywa?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Hata kuonja?"

"Hapana, mdogo wangu. Nimenusa tu."

Bi Maabara aliketi kwenye ngazi, akashusha pumzi. Fundi alikuwa ametoka ua wa nyuma kuona kuna nini, na Redio alikuwa amefuata nyuma.

"Mama," Bi Maabara alimwambia Redio, kwa sauti ya chini, "hii ni spiriti ya kazi za mbao. Ina sumu ndani yake. Mtu akiinywa kidogo tu, anaweza kupofuka. Anaweza kufa. Ile ya maabara ni nyingine, na hata ile tuliiondoa yote kabla ya kupima. Ulituona tukipima. Hukutuona tukiiondoa."

Fundi alishika ukuta. "Mimi mwenyewe nikiitumia nafungua madirisha," alisema. "Dada, jamani."

Macho yakamtoka Redio.

"Fundi viatu," alisema.

Hakuna aliyewahi kumwona Redio akikimbia. Siku hiyo alikimbia, aproni inapepea, kandambili moja imebaki njiani. Alipita duka la dawa, akapita kinyozi, na wote waliomwita kuuliza habari hawakupata jibu. Mwokaji na Bi Maabara walimfuata.

Fundi viatu alikuwa amekaa mahali pake, anashona soli. Chupa ilikuwa karibu na mguu wake, imepungua.

"Umekunywa?" Redio aliuliza, anahema.

"Hujambo kwanza."

"Umekunywa?"

"Kunywa? Kwani ni ya kunywa?" Fundi viatu alikunja suruali, akaonyesha goti linalong'aa. "Nimejipaka. Ila goti bado linauma, sitakudanganya."

Redio aliketi chini kwenye vumbi, akacheka na kulia kwa pamoja. Bi Maabara alimtaka fundi viatu anawe goti kwa sabuni na maji mengi, na akamwambia kwamba macho yakififia au kichwa kikiuma akimbilie hospitali bila kusubiri. Ile chupa aliichukua mwenyewe, akaenda kuiharibu kwa njia salama.

Mchana huo Redio alipita nyumba kwa nyumba. Alirudisha kila chupa tupu aliyopewa. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Nilikosea. Dawa haijawa tayari. Ukisikia mtu anaitengeneza kwa spiriti, mzuie." Wengine walimcheka. Alivumilia, akaenda mlango mwingine.

Na Mwokaji, aliyekuwa akisogeza hospitali wiki hadi wiki, hakusubiri tena. Siku hiyohiyo alifunga dirisha, akaenda hospitali na mume wake. Daktari aliuliza maswali mengi. Aliuliza kuhusu vidonge, akauliza kama anatumia mitishamba yoyote. Zamani Mwokaji angesema hapana, kwa haya. Sasa alisema yote, pamoja na maji meusi.

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema daktari. "Wengi wanatuficha, halafu dawa zetu zinagombana na zao tumboni."

Alipimwa damu, na mikono ikapigwa picha. Ilionekana kwamba ana ugonjwa wa viungo, ule ambao walinzi wa mwili hukosea na kuushambulia mwili wenyewe. Vidonge vya dukani vilituliza maumivu tu, huku viungo vikiendelea kuliwa ndani kwa ndani. Angechelewa, vidole vingepinda visinyooke tena. Alipewa dawa ya ugonjwa huo, dawa ya kutibu tumbo, na tarehe za kurudi kupimwa. Alifundishwa pia kukanda kwa kupumzisha mikono, unga mdogo kwa wakati mmoja.

Dawa haikufanya kazi kwa siku moja. Wiki zilipita. Fundi aliamka mapema kumkandia unga kabla ya kwenda karakana, na mikate ya wiki hizo ilikuwa migumu kidogo, lakini wateja walivumilia. Asubuhi moja Mwokaji aliamka, akakunja ngumi. Ngumi ikafunga. Alimwamsha mumewe kwa kumgonga nayo begani.

"Umenipiga?" aliuliza Fundi, usingizini.

"Nimekupiga," alisema Mwokaji. "Nimekupiga kwa ngumi nzima." Wakacheka hadi Redio akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Redio naye alikuwa na kazi mpya. Maabara ilihitaji majani mengi, ya mmea uleule, yaliyochumwa na kukaushwa kwa njia ileile. Aliotesha miche mingine, akaihudumia, akawafukuza kuku. Maabara iliandika kwamba ujuzi wa majani hayo ulitoka kwa familia yake, na jina la mama yake marehemu likatajwa. Siku aliyosomewa sehemu hiyo, aliomba asomewe mara ya pili.

Miezi kadhaa baadaye Bi Maabara alikuja dirishani mapema kuliko kawaida. Hakuomba mkate. Alikuwa anapumua haraka.

"Majibu ya chembe hai yametoka," alisema. "Tulizilea kwenye vibakuli vya kioo, tukazichokoza hadi zikaanza kutoa ishara za uvimbe. Tukaweka dawa ya majani yako."

Fundi alitoka ua wa nyuma, misumari mdomoni. Mwokaji aliacha unga.

"Zikafa?" aliuliza Redio. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa.

"Hazikufa. Na ishara za uvimbe zikashuka. Kwa kipimo kidogo zilishuka kidogo. Tulipoongeza kidogo, zikashuka zaidi. Tumerudia mpaka mashine imechoka."

Fundi alitema misumari mkononi. Mwokaji alimkumbatia Bi Maabara, akamwacha na alama mbili nyeupe za viganja mgongoni. Redio alisimama, anatabasamu, akisogeza midomo. Alikuwa anatamka lile jina la maneno mawili. Safari hii lilitoka sawasawa.

Wakati huohuo mteja mmoja alifika, mama mwenye kifundo cha mguu kilichovimba, anachechemea. Aliinama dirishani.

"Nasikia una majani ya uvimbe," alimwambia Redio kwa sauti ndogo. "Nipe hata ya siku mbili."

Mwokaji na mumewe walitazamana. Redio alipangusa unga kwenye kaunta.

"Majani ninayo," alisema. "Ila bado yako shuleni. Mitihani miwili yamefaulu, na mitihani imebaki mingi. Mguu wako hauwezi kusubiri yahitimu. Umeonwa na daktari?"

"Bado. Naogopa. Sijui hata hospitalini naanzia dirisha gani."

"Mimi nalijua," alisema Redio.

Alivua aproni, akampa mdogo wake auze mikate, akatoka kwa mlango wa kijani. Alimshika yule mama mkono, na wakaondoka polepole kuelekea hospitali. Walipofika kwenye kona, sauti yake ilikuwa bado inasikika. Alikuwa anaeleza habari za ute wa yai, tangu mwanzo, bila kuruka hata mrija mmoja.